Sukari ya Miezi Mitatu na Damu ya Kagera

Mtu mzima wa Kayanga au Nkwenda anayechunguzwa kisukari, iwe hapo kwao au akipewa rufaa Bukoba au Mwanza, anaweza kupewa majibu ya aina mbili. Ya kwanza ni kiwango cha sukari kwenye damu saa ileile anapopimwa. Ya pili ni HbA1c, ambayo wengi huiita sukari ya miezi mitatu. Hoja yangu ni kwamba katika wilaya zetu za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, HbA1c isitumike peke yake kumhakikishia mtu kuwa hana kisukari. Mashine inaweza kuwa nzima kabisa na jibu bado likapotosha, kwa sababu ya hali ya damu yenyewe.

Tuanze na jinsi kipimo kinavyofanya kazi. Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Sukari inayozunguka kwenye damu hujishikiza kwenye himoglobini, na ikishajishikiza hubaki hapo mpaka chembe inapokufa. Chembe huishi siku zipatazo 120. Maabara ikipima asilimia ya himoglobini iliyoshikwa na sukari, inapata wastani wa wiki nyingi zilizopita. Kuanzia asilimia 6.5 huhesabiwa kuwa kisukari. Shirika la Afya Duniani liliridhia mwaka 2011 kwamba kipimo hiki kitumike kugundua ugonjwa, kwa sharti kuwa mgonjwa asiwe na hali inayovuruga majibu.

Sharti hilo linatuhusu moja kwa moja. Hesabu yote imejengwa juu ya umri wa kawaida wa chembe. Zikifa mapema, sukari haipati muda wa kutosha kujishikiza, na jibu hushuka ingawa mgonjwa ana sukari nyingi. Ni sawa na mizani ya chama cha msingi iliyolegea: mkulima amejaza gunia la kahawa, lakini kilo zinazoandikwa ni pungufu.

Malaria ni mojawapo ya mambo yanayoua chembe mapema, na wilaya hizi hazijaagana nayo. Mwaka 2022 watafiti walifuatilia watoto 176 wenye malaria Karagwe ili kupima nguvu ya dawa mseto. Ripoti yao, iliyochapishwa mwaka 2024, ilithibitisha kuwa vimelea vyenye badiliko la kinasaba la R561H huondoka polepole mgonjwa anapopewa dawa za kundi la artemisinini. Yaani malaria bado ipo kwetu, na jibu la HbA1c lazima lisomwe kwa kuikumbuka.

Jambo la pili linaloweza kuvuruga jibu ni seli mundu, ugonjwa wa kurithi wa himoglobini. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, watafiti walitumia njia ya busara na ya gharama nafuu. Maabara hiyo hupokea matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, yaliyochukuliwa kwa watoto wa akina mama wenye VVU ili kujua kama mtoto ameambukizwa. Badala ya kuanza kukusanya damu upya, walipima seli mundu kwenye karatasi zilezile. VVU vya mama havibadilishi kinasaba cha himoglobini ambacho mtoto amerithi, kwa hiyo njia hiyo ilifaa. Katika sampuli 17,200 kutoka mikoa tisa ya kaskazini magharibi, asilimia 1.2 ya watoto walikuwa na ugonjwa wenyewe, na asilimia 20.3 walikuwa wabebaji, yaani wamerithi kinasaba kimoja tu. Ni mtoto mmoja kati ya watano, na watoto hao watakuwa watu wazima.

Mbebaji huishi kama watu wengine, na wengi hawajui hali yao. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha HbA1c na sukari halisi kwa watu 4,620 wenye asili ya Afrika. Kwa kiwango kilekile cha sukari, wabebaji walisomeka chini: wastani wa 5.72 dhidi ya 6.01. Pengo hilo linaonekana dogo. Lakini kwa mtu aliyesomeka 6.3, linaweza kuwa ndilo lililomzuia kuhesabiwa mgonjwa. Atarudi nyumbani akiamini yu salama, huku sukari ikiendelea kuharibu macho, figo na neva za miguu.

Njia ya kuthibitisha tunayo, na si ngeni nchini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulipima watu 6,299 katika vijiji sita vya Tanzania kwa kuwanywesha gramu 75 za glukosi na kupima sukari baada ya saa mbili. Kipimo hiki husoma sukari yenyewe, hakitegemei umri wa chembe. Ikifika milimoli 11.1 kwa lita baada ya saa mbili, ni kisukari. Kwa sukari ya kufunga, yaani inayopimwa mtu akiwa hajala tangu usiku, mpaka ni 7.0.

Ninachopendekeza hakihitaji mashine mpya. HbA1c ikiwa juu, mgonjwa afuatiliwe bila kuchelewa. Ikiwa chini ilhali ana kiu isiyoisha, anakojoa mara kwa mara au kidonda chake hakiponi, apimwe sukari ya kufunga siku hiyohiyo au asubuhi inayofuata. Mhudumu amuulize kama ameugua malaria karibuni, kama ameongezewa damu, na kama kuna mwenye seli mundu katika ukoo. Majibu ya maswali hayo yaandikwe kwenye daftari la kliniki pembeni ya namba ya HbA1c, ili anayefuata kumhudumia ajue uzito wa kuipa.