Neno 'settle' na hatari ya tafsiri ya mkato

Juma lililopita nilipanda matatu kutoka Njoro kuja Nakuru mjini. Kabla sijaketi vizuri, utingo alitupigia kelele: "Wazazi, settleni huko nyuma, gari inatoka!" Tukaketi. Tulipokaribia mjini akanigusa bega: "Mzee, wewe ume-settle?" Nikamjibu kwamba nimeketi salama salimini. Abiria wakaangua kicheko. Kumbe kijana alikuwa akidai nauli.

Kosa lilikuwa langu, ila limenipa mada ya leo. Neno hili la Kiingereza lina maana tele. Mtoto aliyekuwa akilia hutulia. Majani ya chai hutuama chini ya kikombe. Vumbi hutua. Deni hulipwa, kesi humalizwa nje ya mahakama, kijana huoa akatulia, na aliyekosa alichotaka huridhika na alichopata. Kwa Kiingereza wote hao wame-settle. Kiswahili hakina neno moja la kuwabeba wote, na wapo wanaodhani huo ni upungufu. Mimi naona ni kinyume chake.

Tuanze na asili. Neno hilo limetokana na jina la Kiingereza cha kale lenye maana ya kiti. Si ajabu, maana hata sisi kutokana na kitenzi 'kaa' tumepata mkazi, makazi, makao na kikao. Kwa mantiki hiyo, 'settler' angeitwa mkazi tu. Lakini Kiswahili kilimwita mlowezi, kutokana na kitenzi 'lowea', yaani kuhamia ugenini na kupafanya kwako. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka eneo hili la kati la Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Lord Delamere naye akaja kulima na kufuga hapa Njoro. Kiingereza kilimwona kama mtu aliyepata mahali pa kukaa. Kiswahili kilimwona kama mgeni aliyekalia kiti chenye mwenyewe.

Sasa tazama tafsiri ya mkato inavyoweza kuponza. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akitafsiri ripoti kuhusu Skimu ya Ekari Milioni Moja, mpango wa miaka ya 1960 wa kununua mashamba ya Wazungu na kuwagawia Waafrika kwa mkopo. Ripoti iliwaita wakulima hao 'settlers', naye akaandika 'walowezi wapya'. Ukimpima kwa kamusi, hakukosea. Nilimkosoa hata hivyo.

Nilimkosoa kwa sababu tuko Nakuru. Molo na Kuresoi, huko huko tunakonunua viazi, majirani walichomeana nyumba 1992 na tena baada ya uchaguzi wa 2007. 'Madoadoa' nalo lilikuwa neno tu, hadi lilipotumiwa kuonyesha nani afukuzwe. Kumwita mtu mlowezi ni kumwambia kwamba hapa si kwake. Wapo wenye madai ya kihistoria kuhusu mashamba hayo, na madai hayo yanastahili kusikizwa panapofaa. Lakini mfasiri hana mamlaka ya kutoa hukumu kwa neno moja, tena bila kujua kwamba ameitoa. Wenyewe hujiita watu wa skimu. Angeandika 'waliogawiwa mashamba ya skimu', ripoti ingesema ilichokusudia kusema.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Mapema 2008 uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa Nakuru ulijaa mahema ya wakimbizi wa ndani. Mwezi wa Mei serikali ikaanza mpango ulioitwa Operesheni Rudi Nyumbani. Taarifa za Kiingereza zikawa zinasema watu wamekuwa 'resettled'. Nani hasa? Wapo waliopewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha. Wapo walioongezewa 25,000 za kujenga nyumba iliyochomwa. Wapo waliorudi mashambani kwao, na wapo waliopelekwa mahali pengine kabisa. Neno moja la Kiingereza liliwafunika wote, na afisa aliyemaliza kulipa aliweza kusema kwa dhamira safi kwamba kazi imekwisha.

Nasi waandishi na watangazaji wa Kiswahili tulifanya nini? Tulizoea kusema 'wamepewa makao mapya', hata kwa mtu aliyerudi kwenye shamba lake la zamani, hata kwa aliyepokea pesa tu na bado analala hemani. Tulikuwa na kulipwa, kurejea, kuhamishiwa na kupatanishwa. Kila kitenzi kingemlazimisha msomaji kuuliza swali lake: Amelipwa ngapi? Amerejea wapi? Amepatanishwa na nani? Tulikuwa na utajiri huo kabatini, tukaenda kuazima blanketi.

Basi rai yangu kwa wafasiri, hasa wanaosomea kazi hii, ni moja. Ukikutana na neno la Kiingereza lenye maana nyingi, usiulize Kiswahili chake ni nini. Uliza kwanza ni nani aliyetendewa, ametendewa nini, na je, akisoma tafsiri yako atajitambua humo? Kamusi ije baadaye.

Mimi nilibahatika, utingo alikuwepo kunifafanulia. Msomaji wa gazeti hana utingo. Na nauli, kwa wanaotaka kujua, nililipa.