Lugabire nayo ni kazi ya sanaa

Siku hizi watu wanasifu sana wasanii wa Kinshasa wanaojivika takataka, na sifa hiyo ni haki yao. Eddy Ekete, mwanzilishi wa tamasha la KinAct lililoanza mwaka 2015, alijishonea vazi la makopo ya vinywaji akatembea nalo barabarani, kati ya wauzaji na magari. Kila hatua inalia. Mtu aliyetupa kopo chini jana, leo anakutana nalo limesimama mbele yake. Wenzake walifuata njia ile ile kwa nyaya za umeme na kambambili zilizokatika.

Lakini ninaposikia kwamba Wakongomani wamejifunza juzi tu kuvaa vilivyotupwa, hapo nakataa. Huku kwetu Uwanda wa Ruzizi, toka Kamanyola kupita Luberizi mpaka Uvira, watu wamevaa lugabire miaka na miaka. Fundi anachukua mpira wa gari uliokwisha, anapima unyayo wa muteja, anakata kwa kisu chenye kulowana maji ili kisikwame, halafu mikanda anaitoa kwenye mpira wa ndani. Meno ya mpira yanabaki chini ya kisigino. Ukipita kwenye vumbi unaacha alama ya gari, nawe unakwenda kwa miguu! Wazo zuri kupita lile sijaliona katika vazi lolote la maonyesho. Na aliyelitengeneza haitwi msanii. Anaitwa fundi tu, na viatu vyake ni viatu vya maskini. Mutoto akienda navyo masomo, wenzake wanamucheka.

Tofauti iko, nakubali. Lugabire inafanya kazi na kunyamaza. Vazi la Ekete huwezi kuingia nalo shamba la mpunga, ila linasema, tena kwa sauti kubwa.

Mwenye kunigusa zaidi ni Freddy Tsimba, mchongaji aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1967. Anaunganisha kwa moto maganda ya risasi, vijiko, funguo, hata mapanga, anatoa miili ya watu, mara nyingi wanawake wenye mimba. Mwaka 2020 makumbusho ya Tervuren, kule Ubelgiji, yalifungua maonyesho yake. Sawa. Lakini kwa mutazamaji wa kule, ganda la risasi ni chuma cha kushangaza tu. Mutu wa Luberizi, jirani wa Mutarule ambako watu zaidi ya 30 waliuawa usiku mmoja wa Juni 2014, haitaji karatasi ya maelezo ukutani. Kazi ya namna hii ilipaswa kusimama mbele yake kwanza, maana yeye njo angeweza kuihukumu.

Ikifika siku moja Bukavu ao Uvira, fundi wa lugabire naye aalikwe. Si kwa kuuza viatu mulangoni, hapana: akae ndani, karibu na zile sanamu, aeleze namna anavyochagua mpira.