Vipuri vya Kompyuta ya Gemu ya Bei Nafuu: Namna ya Kutambua Kilicho Bora

Katika kompyuta ya gemu ya bei nafuu, kipande kinachostahili fungu kubwa kuliko vyote ni kadi ya grafiki. Ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini, na ndiyo inayoamua kama mechi itatiririka kwa fremu 60 kwa sekunde au itakwamakwama kila mchezaji anapogeuka. Mwenye fedha kidogo anayezimalizia kwenye prosesa ya kifahari na kasha la vioo lenye taa za rangi hupata pambo la mezani. Kutenga theluthi hadi nusu ya bajeti kwa ajili ya kadi peke yake si ubadhirifu.

Ugumu huanzia kwenye majina. Kadi ya GT 1030 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka uliofuata likatoka toleo la DDR4, kwa jina lilelile, ambalo kumbukumbu yake hupitisha data kwa takriban theluthi moja tu ya kasi ya lile la kwanza. GTX 1060 ya GB 3 nayo haikupunguziwa kumbukumbu pekee: chipu yake ina viini 1,152, wakati ile ya GB 6 ina 1,280. RX 580 kamili ina viini 2,304, lakini ipo nyingine iliyoandikwa 2048SP kwa maandishi madogo, na hiyo ina viini 2,048. Kununua toleo dogo si kosa. Kosa ni kulilipia bei ya toleo kubwa. Kwa hiyo jina la kadi halitoshi. Huulizwa kumbukumbu ni ya aina gani, ni kiasi gani, na chipu ina viini vingapi.

Mbaya zaidi ni kadi ya bandia. Iliyozoeleka ni ile inayouzwa kama GTX 1050 Ti, kumbe ndani ina chipu ya GTS 450 au GTX 550 Ti, mali ya mwaka 2010 na 2011, ambayo programu yake ya ndani imeandikwa upya ili ijitambulishe kwa jina lisilo lake. Dalili moja huonekana kwa macho kabla hata umeme haujawashwa: tundu la VGA, lile la buluu lenye vitundu 15. Chipu za familia ya GTX 10 haziwezi kutoa picha ya analogi, hivyo 1050 Ti yenye tundu hilo ni ya kutiliwa shaka papo hapo. Dalili nyingine hutolewa na GPU-Z, programu ya bure ambayo tangu 2018 huweka neno FAKE mbele ya jina la kadi iliyoghushiwa. Programu hiyo ni ya megabaiti chache na hufunguka kwa sekunde; muuzaji anayekataa ifunguliwe dukani kwake ameshajibu swali.

Kadi halisi iliyotumika hukaguliwa kwa macho, kwa masikio, kisha kwa mzigo. Vichwa vya skrubu vilivyochubuka huonyesha kwamba imewahi kufunguliwa. Kutu kwenye bati la pembeni, au ukijani kwenye shaba ya vipoza joto, ni alama ya hewa ya chumvi, na kadi zilizokaa Mombasa, Tanga au Unguja bila kiyoyozi huwa nayo mara nyingi. Feni ikizungushwa kwa kidole iende kimya, isikwaruze. Baada ya hapo huendeshwa gemu nzito, au FurMark, programu ya kuibebesha kadi mzigo, kwa robo saa. Joto likipanda kisha likatulia chini ya nyuzi 80 na ushee, kadi iko salama; likizidi kupanda bila kukoma, pengine dawa ya kupitisha joto imekauka, jambo linalorekebishika kwa gharama ndogo. Vimraba vya rangi na mistari inayometa kwenye skrini ni habari nyingine kabisa: kumbukumbu au chipu inakufa, na hapo hakuna punguzo la bei linalofaa. Kadi iliyochimba sarafu za kidijitali haifai kukataliwa kwa sababu hiyo tu, maana mara nyingi kinachochakaa ni feni zake.

Afrika Mashariki, njia fupi ya kupata sehemu iliyobaki ya mashine ni kompyuta ya ofisi iliyotumika, zile Dell na HP zilizopangwa kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue. Hapa tena jina hudanganya. Kibandiko cha Core i7 hakina maana bila kizazi: i7-2600 ya mwaka 2011 na i3-12100 ya mwaka 2022 zote zina viini vinne na nyuzi nane, lakini i3 huiacha mbali sana. Dell yenyewe imetoa OptiPlex 7010 mara mbili, ya kwanza mwaka 2012 na ya pili 2023, na kati ya hizo kuna vizazi kumi vya prosesa.

Kasha la kompyuta hizo ndilo linaloamua kadi gani itaingia. Toleo jembamba hupokea kadi za kimo kifupi tu. Tundu la PCIe hutoa wati 75, kwa hiyo mashine isiyo na waya wa ziada wa kadi hufaa GTX 1050 Ti au GTX 1650 zisizohitaji waya huo. RX 6400 nayo hula umeme kidogo, lakini hutumia njia nne tu za PCIe na hupoteza kasi kwenye mashine za zamani. Huko si chaguo la kwanza. Kubadilisha pawa saplai nako kuna mtego: OptiPlex 7010 ya 2012, ile ya mnara, hutumia plagi ya kawaida ya pini 24, lakini OptiPlex 9020 ya kizazi kilichofuata ina plagi ya Dell ya pini 8 na huhitaji adapta.

Pawa saplai ndicho kipande kinachodharauliwa kuliko vyote, na ndicho kinachoweza kuondoka na vingine vyote. Namba kubwa iliyo kwenye boksi haisomwi. Husomwa lebo ya pembeni, safu ya volti 12, kwa kuwa prosesa na kadi hula hapo. Iliyoandikwa wati 500 lakini yenye ampia 18 kwenye safu hiyo hutoa wati 216 tu panapohitajika. Alama ya 80 Plus hupima ufanisi wa kugeuza umeme, haipimi kinga dhidi ya hitilafu. Za bei ya chini kabisa huwa na swichi nyekundu ya 115 na 230. Ikisahaulika kwenye 115 katika nchi za volti 230 au 240, mlio mmoja na moshi humaliza kazi.

RAM haina mengi: GB 16 katika vipande viwili vinavyofanana, kwa sababu viwili hufanya kazi sambamba na kimoja hupunguza kasi, hasa kwa anayetegemea grafiki ya ndani ya prosesa kama Ryzen 5 5600G. Diski iwe SSD, na iliyotumika ipimwe kwa programu ya CrystalDiskInfo ili uhai uliobaki uonekane.

Jambo moja hupimwa kabla ya kulipa. Prosesa za Core za kabla ya kizazi cha 8, isipokuwa chache mno, hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Bei ya mashine za kizazi cha 3 na cha 4 lazima ionyeshe hilo.

Fedha zikipungua, kinachopunguzwa kwanza ni kasha, kisha ukubwa wa diski, kisha prosesa. Pawa saplai haipunguzwi.