Msimu wa nani? Vamizi katika matangazo ya utalii na katika madarasa yetu

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa tafsiri zoezi ambalo tulidhani ni jepesi. Matini yalikuwa aya chache za tangazo la safari kuhusu Vamizi, kisiwa kilichoko pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, si mbali na mpaka wa Tanzania. Wanafunzi walifanya vizuri. Mchanga ukawa mweupe pe, bahari ikawa rangi ya feruzi, upepo ukawa mwanana. Tulipomaliza kusahihisha ndipo tulipogundua kwamba katika madaftari yote yale hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye kwao Vamizi. Kosa halikuwa la wanafunzi. Matini yenyewe hayakuwa naye, nasi tuliyachagua bila kuliona hilo.

Makala haya basi ni uhakiki wa aina hiyo ya maandishi, na kwa kiasi fulani ni uhakiki wetu sisi wenyewe.

Vamizi ni kisiwa chembamba, urefu wake kama kilomita 12, na kina kijiji cha wavuvi. Lugha ya wenyeji wa visiwa hivi ni Kimwani. Upande wa bara, kuelekea Palma, kuna Kimakwe, na Kiswahili kinafahamika kwa wengi kutokana na uvuvi na biashara na Mtwara. Wataalamu wangali wanabishana kama Kimwani kihesabiwe lahaja ya Kiswahili au lugha dada. (Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini watu hawa waitwe kwa jina la majani ya baharini. Tukamweleza kwamba jina hilo huhusishwa na pwani, si na mwani tunaoujua sisi. Lakini swali lenyewe linaonyesha jinsi tunavyowafahamu kidogo majirani hawa.)

Tuanze na sarufi, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Maandishi ya hoteli za ufukweni hupenda mno kauli ya kutendwa. Samaki huletwa, chakula huandaliwa, chumba hupambwa, mgeni hupelekwa kwenye fungu la mchanga. Huletwa na nani? Kiswahili kina nafasi ya kumtaja mtendaji baada ya kiungo "na", na mwalimu yeyote wa darasa la sarufi atamdai mwanafunzi amtaje pale anapohitajika. Humu hatajwi. Akitajwa, basi yuko mbali, ni kivuli cha mtu katika ngalawa jua likizama, na hana jina wala kauli. Samaki yule wa mezani alivuliwa na mtu aliyeamka alfajiri akatazama anga, akasema maji leo ni mafu, tusiende mbali. Sentensi moja ya namna hiyo ingebadilisha aya nzima.

Neno lililotusumbua zaidi, hata hivyo, ni "msimu". Ni neno la mabaharia. Limetoka katika Kiarabu, na asili hiyohiyo ndiyo iliyowapa Wareno na Waingereza majina yao ya pepo hizi za Bahari ya Hindi. Kwa karne nyingi msimu ulimaanisha wakati wa kufunga safari na wakati wa kurudi: kaskazi ikiwaleta watu kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikiwarudisha. Katika matangazo ya utalii neno limegeuzwa. Msimu ni miezi ambayo mgeni analipa zaidi, na nje ya msimu ni miezi ambayo kisiwa, kwa mujibu wa karatasi hizo, kama vile hakipo. Hoteli nyingi za namna hii hupunguza shughuli au hufunga milango wakati wa mvua.

Lakini mtu wa kisiwani hafungi. Kila mwezi bamvua huja mara mbili, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yakapwa hadi mbali, na wanawake na watoto wakatoka miambani kutafuta pweza, kombe na chaza. Kusi ikivuma kwa nguvu, vyombo vidogo hubaki ndani ya miamba au upande uliokingwa na upepo. Kaskazi huja na joto na mvua, na hapo taabu ni nyingine: samaki aliyepasuliwa na kutiwa chumvi hakauki bila jua, na ng'onda isiyokauka ni hasara tupu. Kisha kuna hofu ya vimbunga. Kenneth kilipiga pwani ya Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, mwishoni mwa kipindi hichohicho ambacho matangazo hukiruka.

Hapa inatubidi tujikosoe. Jedwali la majira tunalowafundisha wanafunzi, lenye masika baada ya kaskazi na vuli kabla yake, ni jedwali la Unguja na Mombasa. Pwani ya Vamizi mvua hunyesha kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mwaka una mvua moja ndefu. Mwanafunzi aliyekariri jedwali letu angefika huko akiwa na maneno sahihi na maana zisizolingana na anga. Ramani zetu nazo hukatika kwenye mto Ruvuma, mpaka ambao Wajerumani na Wareno waliukubaliana mwaka 1886, kana kwamba mashua zilikuwa zikisimama hapo kuonyesha hati. Rais mstaafu Joaquim Chissano alipohutubia Umoja wa Afrika kwa Kiswahili mwaka 2004, wengi wetu tulishangilia kama tumepata mgeni ukumbini. Kwa mtu wa pwani ya Palma haikuwa ajabu kubwa kiasi hicho.

Si haki kusema hoteli ilileta mabaya tu. Mradi wa uhifadhi ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, na hoteli ya kifahari iliyofuata katika muongo uliofuata, vilileta ajira mahali ambapo ajira ya mshahara ilikuwa adimu. Kasa na ng'amba wanaopanda kutaga walifuatiliwa na kulindwa, na wanakijiji wakashiriki. Baraza la wavuvi la kijiji lilikubali sehemu ya mwamba isivuliwe. Hilo la mwisho ni habari kubwa: wavuvi kujinyima mahali penye samaki. Mwandishi wa tangazo angekuwa na kisa kizuri kuliko mito ya hariri, lakini kwa kawaida sifa huenda kwa mwamba wenyewe, eti "haujaguswa". Haukuguswa kwa sababu watu walikaa kikao wakakubaliana wasiuguse.

Gharama ya lugha hii ilionekana Septemba 2020. Wapiganaji waliokuwa wameanza mashambulizi yao Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 walifika Vamizi na kisiwa jirani cha Metundo, wakachoma nyumba na hoteli, wakawafukuza watu. Vichwa vingi vya habari ulimwenguni vilianza na hoteli, na wengine wakataja watu mashuhuri waliowahi kupumzika huko. Wenyeji walifuata chini, kama walifuata. Hatuwezi kuwalaumu sana wahariri wale. Walikuwa wamesoma kwa miaka mingi kwamba kisiwa ni hoteli. Kufikia mwaka 2022 waliokimbia makazi yao Cabo Delgado walihesabiwa kukaribia milioni moja, na wa Vamizi wamo humo, bila mstari wao.

Tulirudi darasani na zoezi lilelile. Safari hii tuliwataka wanafunzi waandike upya aya ya tangazo ile iliyohusu msimu, wakianza na mtu anayekaa kisiwani miezi yote 12. Wengi walikwama kwenye neno la kumwita mgeni anayekuja kwa muda na kuondoka. Mwanafunzi mmoja aliyekulia Pemba akacheka, akasema kwao neno lipo: dago. Wavuvi huhama na upepo, hupiga kambi ufuoni mwa watu wengine wiki au miezi, huomba ruhusa kwa wazee wa mahali, huvua, hukausha, huondoka. Visiwa vya Cabo Delgado vimepokea wavuvi wa namna hiyo, wakiwemo wa kutoka Tanzania, tangu kabla hapajawa na hoteli hata moja. Wenyeji basi walikuwa wakiwajua wageni wa msimu, wanajua wanavyoingia na wanachodaiwa.

"Dago" halikuwemo katika faharasa tunayowagawia wanafunzi mwanzoni mwa muhula. Tumeliandika kwa kalamu chini ya herufi D, na nakala zilizobaki ofisini zinasubiri kusahihishwa vivyo hivyo.