Shujaa Huishi Mikononi mwa Fundi

Kila shujaa wa hadithi ana maadui wawili. Wa kwanza ni yule anayepigana naye ndani ya hadithi, na huyo kwa kawaida hushindwa. Wa pili hatajwi popote, naye ni hatari zaidi: siku watu watakapomchoka.

Mashujaa wa televisheni ya Japani wanamjua vizuri adui huyu wa pili. Kamen Rider, shujaa wa pikipiki na barakoa ya mdudu aliyebuniwa na mchoraji Shotaro Ishinomori, alianza kuonekana Aprili 1971. Mwaka 1975 Ishinomori huyohuyo alileta Himitsu Sentai Gorenger, kundi la wapiganaji watano, kila mmoja na rangi yake. Katika ukoo wa kundi hilo ndimo Wamarekani walimochota Power Rangers mwaka 1993, na kupitia wao watoto wengi wa Afrika Mashariki wakaujua mchezo wa kugombea nani awe mwekundu. Lakini umaarufu hupanda na kushuka. Mwaka 1989 mfululizo wa Kamen Rider ulitoka katika ratiba ya kila wiki, na haukurudi mpaka Januari 2000, ulipokuja na shujaa mpya aitwaye Kuuga. Tangu hapo, karibu kila mwaka huletwa shujaa mwingine mwenye jina lake, barakoa yake na kisa chake. Vinavyobaki ni vichache: mkanda wa kiunoni, tendo la mtu wa kawaida kugeuka shujaa mbele ya macho yetu, na ahadi kwamba wanyonge hawataachwa peke yao. Leo, katika nchi ambayo watoto wanaozaliwa wanapungua na waliopo wameshika simu, watunzi wa Kamen Rider wanaulizwa tena swali lilelile. Tubadilishe nini, tuache nini?

Ili kukutana na swali hilo, si lazima kusafiri mpaka Tokyo. Limekaa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kwa miaka mingi, juu ya mapaja ya mpiga enanga.

Kagera ina mashujaa wake wa mfululizo, na ni wakongwe kuliko televisheni yoyote. Yupo Mugasha, mwenye Ziwa Victoria, upepo na dhoruba. Yupo Rukiza, yupo Kachwenyanja, na wapo wafalme na wapiganaji wengine ambao visa vyao viliimbwa kizazi baada ya kizazi katika tawala za Buhaya, nchi ya Wahaya: Kiziba, Kyamtwara, Kihanja, Ihangiro ambayo leo imo Muleba, na nyinginezo. Hawakuhitaji mavazi ya rangi wala milipuko. Walihitaji mtu mmoja, kibao kimoja chenye nyuzi, na watu waliokuwa tayari kukaa na kusikiliza.

Kitazame hicho kibao kwanza. Enanga ni kipande kimoja cha mti kilichochongwa na kukombwa kikawa kama mtumbwi mdogo wa kina kifupi. Ncha zake mbili zina meno, na kwenye meno hayo hupitishwa uzi mmoja mrefu, ukienda na kurudi, mpaka zikapatikana nyuzi saba au nane zilizolala sambamba. Zina urefu mmoja. Kinachozitofautisha ni mkazo tu. Anayezilinganisha hawezi kuufikiria uzi wa tatu na kuusahau wa nne, maana zote ni uzi uleule. Sauti yake si kubwa. Haishindani na ngoma wala haifuniki maneno. Ni sauti iliyotengenezwa ili mtu aweze kusimulia juu yake, na hapo tayari pana hekima ya watu waliojua wanachokitaka: walikiunda chombo kwa ajili ya hadithi.

Kisha msikilize anayekipiga. Vidole vya mikono yote miwili vinafanya kazi ya orkestra nzima, na kinywa kinafanya kazi ya kundi zima la waigizaji. Anaimba, anaacha kuimba na kusimulia, anarudi kuimba. Sasa ni mfalme anayetoa amri, sasa ni mke anayebembeleza, sasa ni msafiri aliyepotea njia. Vita vikikaribia, nyuzi zinakwenda mbio kabla ya maneno, na msikilizaji anajua kuna jambo. Msiba ukifika, zinapungua mpaka unasikia mtu akivuta pumzi. Kihaya anachokitumia kina maneno ya kale na majina ya sifa ambayo kijana wa leo anahitaji kuulizia kwa wazee. Tena hana maandishi mbele yake. Ana njia ya kisa, ana mafungu ya maneno yaliyokwisha kuiva kinywani, na ana watazamaji. Kwa hivyo vitatu anakitunga kisa upya kila anapokaa. Wakiwa watu wazima wanaokunywa lubisi, pombe ya ndizi, jioni bila haraka, anapanua. Wakianza kuchoka, anakata, anaruka, anamtaja mmoja wao kwa jina, anaingiza jambo la kijijini la juzi, kisha anamrudisha Rukiza barabarani.

Hapa ndipo ninapoiona kazi hii kuwa ya sifa ya juu. Tunadhani sanaa ya kale ni ya kurudiarudia na sanaa mpya ni ya kubuni. Mpiga enanga alikuwa akibuni upya kila usiku. Hakuwahi kuwapo Mugasha mmoja aliyekamilika, aliyefungiwa kabatini. Palikuwa na Mugasha wa fundi huyu, jioni hii, mbele ya watu hawa. Wajapani walipitia miaka kumi ya ukimya kabla ya kumrudisha shujaa wao kwa jina na barakoa nyingine, wakijua kwamba atabaki yeye. Mafundi wa enanga waliishi ndani ya maarifa hayo.

Wasomi nao walichelewa kuyaona. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alitilia shaka kama utendi, kwa maana inayotumiwa kwa kazi za Homer, ulikuwa fani ya kawaida katika bara hili. Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Kagera na mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijibu kwa kuwaleta mezani wapiga enanga wenyewe. Mwaka 1983 alichapisha makala iliyouliza waziwazi kama waimbaji hao ni wasanii wa utendi, na mwaka 2002 akautazama mgogoro wote kwa upana katika kitabu juu ya utendi wa Afrika. Jibu lake lilisimama juu ya kazi za mafundi kama Habibu Selemani, ambaye jina lake bado linatajwa kwa heshima panapozungumzwa enanga. Peter Seitel naye aliandika juu ya fasihi simulizi ya Wahaya vitabu vilivyotoka mwaka 1980 na 1999. Kwa hiyo hatuna udhuru wa kusema hatukuambiwa kwamba tuna hazina. Tuliambiwa, tena kwa ushahidi.

Kuna mtu mmoja wa Japani ninayemkumbuka kila ninapowafikiria mafundi hawa. Seiji Takaiwa, kwa karibu miaka ishirini, ndiye aliyevaa suti za Kamen Rider wakuu wa mfululizo mmoja baada ya mwingine. Uso wake haukuonekana. Kila mwaka alibuni namna mpya ya kusimama, ya kutembea, ya kugeuza shingo, ili shujaa wa mwaka huu asifanane na wa mwaka jana. Watoto walimpenda shujaa. Fundi alibaki ndani ya suti. Wapiga enanga wengi wamekuwa na bahati hiyohiyo. Tunalikumbuka jina la Rukiza na tunalisahau jina la aliyetuletea Rukiza.

Basi kwa nini viti vimebaki vitupu? Sababu hazikuja kwa siku moja. Enanga ilikuwa na mlezi, naye alikuwa ikulu ya Mukama, yaani mfalme, ambako mwimbaji alisikilizwa na kutunzwa. Tanganyika ilipofuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, mlezi huyo aliondoka, na hakuna aliyepewa kazi yake. Kabla ya hapo dini mpya, tangu wamisionari walipojenga kituo chao Kashozi mwaka 1892, zilikuwa zimemfanya Mugasha kuwa jina la kutajwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa alikuwa pia mzimu wa kuabudiwa. Kisha ikaja redio, zikaja baa zenye spika, likaja soko la kazi lililowapeleka vijana Mwanza na Dar es Salaam, ambako hadithi ndefu ya Kihaya haina wa kuisikiliza. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosema kwamba shujaa alichosha. Yote yanasema kwamba fundi alinyang'anywa mahali pa kukaa.

Na ushahidi kwamba sanaa ya Kagera haikuchosha upo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 binti wa Bukoba, Saida Karoli, aliimba kwa Kihaya na Kiswahili wimbo wa Maria Salome, na Afrika Mashariki nzima ikacheza bila kujua maana ya nusu ya maneno. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliuchukua wimbo huo wakautengeneza upya kwa jina la Salome, na vijana waliokuwa wachanga Saida alipovuma wakaujua kwa njia hiyo. Wako waliokasirika, wakakumbusha kwamba mwacha asili ni mtumwa. Naiheshimu methali hiyo, lakini siioni ikimhukumu anayebadilisha. Asili ya sanaa ya Kagera ni kubadilisha kwa ustadi. Mtumwa ni yule anayebadilisha bila kujua alichokishika mkononi, na yule anayekataa kubadilisha kwa sababu hakijui vilevile.

Hata hivyo niseme wazi kinachokosekana. Mpaka sasa tumeufanyia upya mdundo, hatujaifanyia upya hadithi. Wimbo wa dakika nne unaweza kubeba uzuri wa sauti. Hauwezi kubeba safari ya Kachwenyanja. Kwa hilo panahitajika fundi mwenye pumzi ndefu, na mtu kama huyo hapatikani kwa kuchezesha kompyuta. Hukaa miguuni pa mwalimu kwa miaka.

Kwa hiyo wito wangu ni kwa wenye uwezo wa kutenda. Redio za Bukoba zimpe mpiga enanga saa moja ya kila wiki, kisa kikatwe penye hamu na kiendelee wiki ijayo, kama mfululizo wowote unaojiheshimu. Shule za sekondari za Muleba, zinapofundisha utendi katika somo la fasihi, zimlete fundi darasani kabla ya kumleta shujaa wa Waswahili, Fumo Liyongo wa kitabuni, na zimlipe kama mwalimu. Wachoraji wa katuni na watengeneza filamu wamchukue Mugasha wamvishe watakavyo, mradi wakae kwanza wamsikilize anayemjua. Na wewe mwenye harusi au sherehe ya mavuno ya kahawa, kabla hujakodi spika, muulize mzee wa jirani kama kuna mwenye enanga kijijini. Akiwapo, mwite, mwache amalize kisa chake, mrekodi kwa ruhusa yake, na mlipe sawasawa na unavyomlipa mwenye spika.