Satelaiti Iko Utosini! Nimeisikia Bugeshi, Nawe Uisikie

Ndugu yangu, acha unachofanya unisikilize! Natoka Bugeshi sasa hivi, matope ya shamba la viazi yangali kwenye viatu, na masikio bado yananiimbia. Nimeisikia QO-100! Satelaiti ya kweli, iliyo juu kilomita kama 36,000, kwa dishi la kawaida kabisa la televisheni!

Bugeshi ya Rwanda unaijua: huku mlima Karisimbi na mita zake 4,507, kule ng'ambo ya mpaka Nyiragongo, baridi, ukungu, mabonde. Redio za mkononi huko zikigonga mlima ndiyo mwisho wa maneno. Basi dishi tulielekeze wapi? Juu! Juu kabisa! Ulaya hulielekeza kusini, lakini sisi tuko jirani na ikweta, na satelaiti imetulia juu ya ikweta hiyohiyo, karibu na utosi wetu. Dishi limelala chali kama bakuli linalosubiri uji, na milima haina la kusema. Haina!

Halafu sauti! Waya unatoka kwenye LNB, kile kichwa kidogo kilicho mbele ya dishi, unaingia kwenye kipokezi kidogo cha USB, na kioo cha kompyuta kinajaa mistari inayotiririka, myembamba, minene, inayong'aa, na kila mstari ni mtu! Gusa mmoja: mkwaruzo tu, haueleweki. Sogeza kidogo, kidogo tena, taratiiibu... huyo hapo! Mtu mzima, anapumua, anaita yeyote amjibu. Pembeni mwingine anagonga Morse, safi, kali, tamu ajabu. Na bado! Jua likichungulia kwenye ukungu LNB inapata joto, sauti inateleza, nawe unaifuata kwa kidole. Raha tupu!

Tena haikimbii! Satelaiti nyingi za redio ya ridhaa hupita dakika chache tu zikazama, unazifukuza na antena mkononi. Hii imo ndani ya satelaiti ya Es'hail-2 ya Qatar, iliyorushwa Novemba 2018, na iko palepale usiku na mchana, ya kwanza ya aina hiyo kwa wapenzi wa redio duniani! Inawaunganisha watu kuanzia Brazili hadi Thailand, bila bando, bila mnara wa simu. Na bado! Mwenye leseni akizungumza hujisikia mwenyewe robo sekunde baadaye, sauti yake imekwenda angani ikarudi! Akizidisha nguvu, mfumo uitwao LEILA unamlilia king'ora mpaka apunguze, wengine nao wapate nafasi.

Sasa zamu yako. Huna hata waya? Kipo kipokezi cha Goonhilly, Uingereza, kinachosikilizwa bure kwenye intaneti; onja hapo kwanza. Kisha tafuta dishi lako, maana kuinasa mwenyewe ni utamu mwingine kabisa, mwingine mno! Ukishikwa na hamu ya kujibu, na itakushika tu, nenda RURA, mamlaka inayosimamia mawasiliano Rwanda, uulizie leseni, upate jina la hewani linaloanza na 9X. Jina la Rwanda ni nadra huko juu, rafiki yangu. Ita mara moja tu uone watakavyokukimbilia!

Lile dishi la zamani juu ya bati la jirani, lisiloonyesha kitu tena? Liombe leo! Lishushe, lilaze chali, chomeka waya, kisha niite. Nakuja mbio!