Nani Mwingine Alikuwa na Mwaka Huo?

Kuna aina ya maandishi ambayo ukiishi Diani utakutana nayo kila Desemba, hata kama huitafuti. Mtu amekuja kwa safari ya misheni, ama amekaa mwaka mzima Ukunda au Msambweni akifundisha watoto na kuombea wagonjwa, sasa mwaka unaisha, anaketi kuandika tafakari. Nilikuja nikiwa hivi, Mungu akanifanya vile. Picha ya jua baharini (wengine huandika ni machweo, na bahari yetu iko mashariki, lakini tusiwe wachoyo). Picha ya watoto kumi na mmoja wamemzunguka, hakuna hata mmoja aliyetajwa jina. Aya ya mwisho ni shukrani kwa waliochanga.

Sizicheki. Tangu niache chuo nikiwa mwaka wa pili, sehemu ya riziki yangu imetoka humo humo: kutafsiri, kunyoosha sentensi, kukalimani vijijini kuanzia Msambweni hadi Lunga Lunga. Na mimi ni mtu wa imani. Mama alinilea kanisani Ukunda, babu na upande wake wote ni Waislamu, Wadigo wa Msambweni, na Idd tunakula sinia moja. Ushuhuda kwangu si kitu cha kigeni. Nimeusikia tangu nikiwa mdogo, watu wakisimama mbele ya kanisa na kulia kwa machozi ya kweli.

Ila mwaka huu, baada ya miezi mingi ya kuzunguka na kikundi kimoja, nikaombwa niandike wangu. Maneno mia sita. Kabla, safari, baada. Walishanifikiria hata hiyo "kabla": kijana aliyeacha chuo, aliyekuwa amepotea. Nikawaambia sikuwa nimepotea, nilikuwa Ukunda. Walicheka, lakini ombi lilibaki pale pale. Ndipo nikaamua kumsoma vizuri aliyetutangulia kuandika namna hii kwenye pwani hii, nione alifanyaje.

Johann Ludwig Krapf tunamjua wote kutoka vitabu vya shule: Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, akafungua misheni Rabai na Rebmann mwaka 1846, akauona Mlima Kenya mwaka 1849. Shule ilituishia hapo, kwa mlima. Kitabu chake cha safari kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1858, kisha kwa Kiingereza mwaka 1860, na kimeundwa kwa sehemu kubwa kutokana na shajara na barua alizokuwa akiwapelekea waliomtuma. Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika. Msomaji wake yuko mbali, hajafika huku, na ndiye anayelipia safari. Ukishalijua hilo, unaelewa kwa nini kila kijiji kwenye kitabu kinapimwa kama kiwanja: watu wa hapa wataisikia Injili? Kituo kinaweza kusimama? Krapf alikuwa na ndoto ya msururu wa vituo vya misheni kuvuka bara zima, na mtu mwenye ndoto ya ukubwa huo haketi mahali akasikia stori za mahali hapo mpaka zikaisha.

Mwaka wake mkubwa ni 1844. Ethiopia ilikuwa imemfungia mlango. Januari anafika Zanzibar, Seyyid Said anampa barua ya kumtambulisha kwa magavana wake, na Mei yuko Mombasa na mkewe, Rosine Dietrich. Juni anaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Julai Rosine anajifungua binti. Wiki moja baadaye Rosine amefariki kwa homa, na mtoto anamfuata baada ya siku chache, huku Krapf mwenyewe akiwa hoi kitandani kwa homa hiyo hiyo. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande ambao leo ni Nyali.

Ukisoma kurasa hizo polepole utaona kitu kinachoumiza. Maombolezo yanaanza, na kabla hayajapata pumzi yanageuzwa kuwa hoja. Kaburi linakuwa ishara kwamba vita vya kiroho vimefunguliwa upande huu wa bara, na kamati huko London inahimizwa isikie mwito. Kuna watu huisoma sehemu hii kama kilele cha imani. Mimi naisoma nikiwa na wasiwasi. Sisemi hakuwa na uchungu. Mwanaume amezika mke na mtoto ndani ya wiki moja, nani atampimia uchungu? Nasema umbo la ushuhuda halikumruhusu akae nao. Lina mwendo wake, lazima lifike kwenye "baada", na kifo cha Rosine kikapewa kazi ya kulifikisha huko.

Halafu kuna neno moja, dogo sana, ambalo umbo hilo halikuweza kulimeza. Kabla ya Mombasa, kwenye safari zao za kujaribu kurudi Ethiopia, Rosine alizaa binti mwingine njiani, naye hakuishi. Walimpa jina Eneba. Kwa Kiamhari ni chozi. Krapf analiandika jina na maana yake, anaendelea na safari. Hakuna mchangaji atakayetoa hata shilingi kwa sababu ya neno hilo. Halithibitishi chochote. Kwangu mimi ndilo lenye imani kuliko yote kitabuni, kwa sababu mtu ameliweka mbele za Mungu bila kuliombea matumizi.

Sasa uliza swali ambalo limenikaa kichwani miezi yote hii: nani mwingine alikuwa na mwaka 1844? Mwanzo haikutafsiriwa na Krapf peke yake. Alisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhiddin, mwanachuoni wa Kiislamu hapo Mombasa. Hebu fikiria hao wawili wameketi barazani, mgeni Mkristo na sheikh, wanavutana kuhusu namna ya kusema kwamba hapo mwanzo mbingu na nchi ziliumbwa. Sheikh naye anaijua habari hiyo, ameisoma kwenye Kitabu chake. Alifikiria nini akirudi nyumbani? Majirani walimwambia nini? Mwezi mmoja baadaye alimpa pole mgeni wake kwa msiba gani wa maneno? Hapo pana riwaya nzima. Ushuhuda wa Krapf una nafasi ya msaidizi tu, na nafasi ya msaidizi ni mstari mmoja.

Au Mringe wa Rabai, mtu mlemavu, wa kwanza kubatizwa pale baada ya miaka ya mahubiri, naye alibatizwa akiwa karibu kufa. Katika hadithi ya misheni yeye ni tunda la kwanza. Tunda halina mwaka, lina msimu.

Kwetu Kwale, Krapf alipita Julai 1848 akielekea Usambara kwa Kimweri ye Nyumbai. Alikatiza Shimba na nchi ya Wadigo. Ni sehemu niliyoisubiri nikisoma kwenye simu, ndani ya matatu ya Likoni, kama mtu anayetafuta jina la babu yake kwenye orodha. Tunaonekana, lakini kama mandhari yenye miguu. Sote, Wadigo, Wagiriama, Waduruma na wengine, tunaitwa Wanyika, watu wa nyika. Jina Mijikenda lilikuja kushika karibu miaka mia baadaye. Na mwaka 1850 yeye na Erhardt wakashuka pwani hii kwa chombo mpaka Cape Delgado, wakipita bahari ya Msambweni na Gasi. Kutoka baharini tulionekana wadogo zaidi.

Kama ningeishia hapo, makala haya yangekuwa rahisi: mzungu alikuja, hakutuona, kwisha. Lakini Krapf ana kitabu kingine, na hicho ndicho kilichonivuruga. Ni kamusi yake ya Kiswahili, iliyotoka London mwaka 1882, baada ya yeye kufa mwaka 1881. Imechapishwa kama kitabu cha marejeo, hakuna anayeisoma kama fasihi. Jaribu. Neno la Kimvita, kando yake la Kiunguja, mara anakumbuka Kinyika. Anatoa mfano, na mfano ni wa watu wakiongea: wanakopeshana, wanakula, wanagombana, wanauguza mgonjwa, wanafunga jahazi. Haina mpangilio, wataalamu waliokuja baadaye waliilalamikia, na kweli inachosha. Lakini kwenye kila ukurasa Krapf ndiye asiyejua na mtu wa pwani ndiye anayejua. Miaka yote ile aliyokuwa akihubiri, pia alikuwa akiuliza "hiki mnakiitaje?", na jibu akaliandika lilivyo. Hakuligeuza kuwa hoja. Mhubiri alipita Shimba akiangalia roho za kuvuna. Mwandishi wa kamusi alikaa chini kama mwanafunzi.

Rebmann, mwenzake wa Rabai, ana kitu kikali zaidi. Aliandika kamusi ya lugha ya Kiniassa, ikachapishwa mwaka 1877. Aliyempa lugha hiyo ni mtu aliyeitwa Salimini, mtumwa aliyetolewa upande wa Ziwa Nyasa akaletwa pwani. Tafakari hapo kidogo, kwa sababu tunazungumzia maandishi ya safari na mabadiliko. Salimini alisafiri umbali ambao Rebmann hakuwahi kuufika. Mwaka mmoja tu ulimbadilishia kila kitu: nchi, jina la bwana wake, lugha anayoisikia asubuhi. Hakuna aliyemuomba ushuhuda. Aliombwa maneno. Na kwa kuwa aliombwa maneno, moja baada ya jingine, nchi yake imebaki kwenye karatasi: mimea yake, vyombo vyake, namna yao ya kuita ndugu. Sitaki kuipamba hali hiyo. Mtu alikuwa mtumwa. Lakini nikiulizwa wapi kwenye maandishi yote ya misheni ya pwani naisikia sauti ya mtu asiyekuwa mmisionari, nitakuonyesha kamusi kabla ya kitabu chochote cha safari.

Desturi hiyo haijafa huku kwetu. Kamusi ya Chidigo, Mgombato, ilitoka mwaka 2004 kwa shirika la tafsiri ya Biblia, na juu ya jalada majina ya Joseph Mwalonya na Juma Zimbu yako pamoja na ya Alison na Steve Nicolle. Agano Jipya la Chidigo likafuata mwaka 2007. Babu yangu, ambaye Injili hakuihitaji, aliwahi kukaa jioni nzima na ile kamusi akibishana nayo kwa sauti. "Hili si letu, hili ni la Waduruma!" Sijamwona akibishana hivyo na tafakari yoyote ya Desemba. Hazimpi pa kubishia.

Tena safari za dini si za Wakristo peke yao. Binamu yangu wa Msambweni ametoka siku arobaini na jamaa wa Tablighi, wakilala misikitini, wakipika wenyewe. Aliporudi, wazee hawakumuuliza amebadilika vipi. Walimuuliza msikiti gani una kisima, imamu wa wapi anaumwa, nani kafiwa. Binamu akawa na habari za watu usiku kucha. Kama alibadilika, na nadhani alibadilika, tuliliona kwenye namna alivyowataja hao watu.

Ndiyo kipimo ninachokitumia sasa, kwa Krapf na kwa posti za Instagram. Mtu akinisimulia mwaka wake na Mungu, nahesabu ni nani mwingine humo ndani ameruhusiwa kuwa na mwaka. Mama wa Msambweni aliyeombewa, yeye mwaka wake ulikuwaje kabla gari halijafika na baada ya gari kuondoka? Yule kijana mkalimani, alikuwa akiwaza nini? (Hilo naweza kujibu: mara nyingi chakula.) Sidhani Mungu anapungukiwa na utukufu aya ikiongezeka watu. Wainjili wenyewe walijaza vitabu vyao wavuvi, wajane, watoza ushuru, na mama wakwe wenye homa.

Kwa Kigiriama na Chidigo, safari ni charo. Charo pia ni jina la mtu, la mtoto aliyezaliwa wakati wa safari au ugeni. Nimeishi na akina Charo maisha yangu yote bila kulifikiria. Nimelifikiria mwaka huu nikiandika maneno yangu mia sita, kwa sababu niligundua siwezi kueleza safari bila kutaja watu, na nikishataja watu "kabla" na "baada" zinapotea njia. Nilimwandika mzee wa Lunga Lunga aliyekataa kuombewa lakini akatupa madafu. Nilimwandika mwalimu wa madrasa aliyetupa kivuli cha baraza yake mvua ilipotushika, akatuuliza maswali magumu kuhusu Isa, tukashindwa mawili. Nilimwandika mama mmoja kwa jina lake, baada ya kumsomea na yeye kusahihisha umri wa mwanawe. Kuhusu chuo niliandika mstari mmoja.

Yalifika maneno mia tisa. Mhariri wa kikundi, mtu mwema, alirudisha na kusema wasomaji wake hawatawajua watu wote hao, nipunguze majina, nirudishe ile sehemu ya kupotea. Nikamjibu kwamba majina hayapungui ila maneno naweza kujitahidi. Tumefika mia saba na hamsini. Bado tunavutana.